Mipangilio Isiyoifikia Programu

Programu ya wavuti, yaani programu inayokaa kwenye seva na kutumiwa na watu kupitia kivinjari cha simu au cha kompyuta, ina sehemu mbili ambazo mtumiaji wa kawaida hana njia ya kuzitofautisha. Sehemu ya kwanza ni msimbo, maandishi ya lugha ya kompyuta yanayoeleza kazi yenyewe: namna ya kuonyesha bidhaa, kujumlisha bei, kupokea oda na kutoa risiti. Sehemu ya pili ni mipangilio, maelezo mafupi yanayoiambia programu ifanye kazi hiyo wapi na kwa masharti gani: hifadhidata iko kwenye anwani ipi, nywila yake ni ipi, saa zihesabiwe kwa ukanda upi, malipo yapitie kwa mtoa huduma yupi na kwa ufunguo gani. Msimbo mmoja unaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya mkononi ya aliyeuandika, kwenye seva ya majaribio na kwenye seva inayohudumia wateja halisi, bila kubadilishwa hata herufi moja. Kinachobadilika ni mipangilio. Ndiyo maana mipangilio isipopakiwa, yaani programu inapoanza kazi bila kuisoma, huduma iliyokuwa salama jana huanguka leo, au, jambo lililo baya zaidi, huendelea kufanya kazi kwa maelekezo ambayo hakuna mtu aliyeyatoa.

Utengano huu wa msimbo na mipangilio haukuanza na intaneti. Vigeu vya mazingira, ambavyo ni majina yenye thamani zake na ambavyo mfumo wa uendeshaji huikabidhi kila programu inapoanzishwa, viliingia katika mfumo wa Unix kwa toleo la 7 la mwaka 1979, na hadi leo ni moja ya njia kuu za kupitishia mipangilio. Miongo mitatu baadaye Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa Heroku, kampuni ya Marekani iliyowakodishia wasanidi programu mahali pa kuendeshea kazi zao, aliandika kanuni kumi na mbili za kuunda programu za wavuti, na kanuni ya tatu ikataka mipangilio yote iondolewe kwenye msimbo na kuwekwa katika mazingira. Kipimo alichokitoa ni rahisi kukielewa na kigumu kukitimiza: msimbo wote uwe katika hali ya kuweza kutangazwa hadharani wakati wowote bila siri yoyote kuvuja. Kutokana na kanuni hiyo ilienea desturi ya kuweka faili dogo liitwalo .env kando ya msimbo, likiwa na jina na thamani katika kila mstari, ili programu ilisome kabla ya kitu kingine chochote. Desturi hiyo imeokoa siri nyingi, lakini imeleta pia aina mpya ya hitilafu, kwa kuwa kilichotengwa na msimbo kinaweza kuachwa nyuma msimbo unaposafiri.

Kushindwa huko kuna sura mbili ambazo uzito wake haulingani. Katika sura ya kwanza programu hukataa kuanza na kuandika sababu yake kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo seva huitunza. Mtu huisoma, hukuta jina la kigeu kilichokosekana, hukiweka, na kazi huendelea. Hitilafu ya namna hiyo inaudhi, lakini ni njema, kwa sababu inajitaja. Katika sura ya pili programu haioni mpangilio ilioutarajia, hushika thamani ya chaguo-msingi ambayo waundaji wake waliiweka kwa ajili ya asiyetaja lolote, na huendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Mfano mzuri unatoka kwa Django, kiunzi cha kuundia programu za wavuti kilichozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja mjini Lawrence, jimbo la Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Asiyetaja ukanda wa saa katika mipangilio ya Django hupewa saa za Chicago, ambazo ndizo pia saa za Kansas. Duka la mtandaoni la Nairobi au Dar es Salaam ambalo mpangilio wake wa saa haukupakiwa litaonyesha muamala wa asubuhi kana kwamba ulifanyika usiku wa kuamkia siku hiyo, saa nane au tisa nyuma kulingana na majira ya Marekani, na mhasibu atakayefunga hesabu za siku atakuta fedha zimeingia katika tarehe isiyo yake. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, kwa kuwa kwa upande wa programu hakuna kosa.

Yapo madhara ya kimya yaliyo mazito kuliko hayo. Viunzi vingi vina swichi ya kuonyesha maelezo ya ndani pale hitilafu inapotokea, na swichi hiyo huachwa wazi kwenye kompyuta ya msanidi na kufungwa kwenye seva ya wateja. Msimamizi huandika kwenye faili kwamba thamani yake ni "False", yaani si kweli, akiamini ameifunga. Lakini kila kinachopita katika vigeu vya mazingira hufika kikiwa mfuatano wa herufi, wala si ukweli au uongo wa kimantiki, na katika lugha ya Python, kama ilivyo katika JavaScript, mfuatano wowote wenye herufi huhesabiwa kuwa kweli unapoulizwa moja kwa moja. Swichi iliyoandikwa kwamba imefungwa husomwa kwamba iko wazi, na mgeni yeyote atakayesababisha kosa kwenye ukurasa ataonyeshwa vipande vya msimbo na njia za mafaili ya seva. Hapa mpangilio ulifika, ila ulifika ukiwa na maana tofauti na iliyokusudiwa, na kwa mchunguzi matokeo ni yaleyale.

Uchunguzi mwingi huharibika mapema pale mchunguzi anapolifungua faili la mipangilio, akaliona liko sawa, kisha akabaki kulitazama akitarajia kwamba kosa litajitokeza lenyewe. Faili huonyesha alichokusudia mwandishi wake. Kilichoifikia programu ni habari nyingine, kwa sababu kati ya hivyo viwili kuna safari yenye vituo kadhaa, na thamani inaweza kupotea, kubadilishwa au kuzidiwa nguvu katika kila kituo. Swali la kuanzia, kwa hiyo, ni hili: programu inayoendeshwa wakati huu inashika thamani gani, na imeipata wapi? Jibu hupatikana kwa kuifanya programu yenyewe iseme. Mistari michache inayoongezwa mwanzoni mwa msimbo inaweza kuandika kwenye logi jina la mazingira ambayo programu inadhani imo, njia kamili ya faili ililolisoma, na orodha ya mipangilio inayohitajika pamoja na neno la kuonyesha iwapo kila mmoja upo au haupo. Katika seva za Linux upo pia ushahidi usiohitaji kugusa msimbo, kwa kuwa mfumo huweka chini ya folda ya /proc faili liitwalo environ kwa kila programu inayoendeshwa, likiwa na vigeu vyote ambavyo programu ilikabidhiwa ilipoanza. Anayelisoma akumbuke mpaka wake: vigeu ambavyo programu ilijisomea baadaye kutoka katika faili la .env haviandikwi humo, hivyo kutovikuta si uthibitisho kwamba havipo.

Jibu la swali hilo likishapatikana, safari hurudiwa kinyumenyume, na kituo kinachostahili kutazamwa kwanza ni mahali. Maktaba ya dotenv, ambayo wasanidi wa JavaScript huitumia sana kusomea faili la .env, hulitafuta faili hilo katika folda ambamo programu ilianzishwa, wala si katika folda ambamo msimbo unakaa. Msanidi anayeanzisha programu akiwa ndani ya folda ya mradi haoni tofauti yoyote, kwa sababu kwake folda hizo mbili ni moja. Programu hiyo ikikabidhiwa systemd, mfumo unaowasha na kusimamia huduma katika seva nyingi za Linux, na asitokee wa kutaja folda ya kazi, huanzishwa kutoka kwenye shina la diski, na faili la .env hutafutwa hukohuko shinani ambako halijapata kuwako. Dotenv, isipolikuta, haisimamishi programu. Hurudisha taarifa ya kosa ambayo msimbo mwingi hauitazami, na kazi huendelea bila mipangilio. Tiba yake ni kuandika njia kamili ya faili, au kuielekeza systemd yenyewe kwenye folda ya kazi na faili la vigeu.

Mahali pana mitego mingine ambayo inatosha kuitaja. Majina ya mafaili katika Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ilhali Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi, kwa hiyo faili lililoitwa Config kwenye kompyuta ya msanidi na kuitwa config ndani ya msimbo litapatikana ofisini na kukosekana kwenye seva. Faili ambalo jina lake linaanza na nukta hufichwa na Linux, na amri ya kunakili kila kitu kwa alama ya nyota huliruka. Faili lililoandikwa na msimamizi mkuu wa seva linaweza kuwa halisomeki kwa mtumiaji wa mfumo anayeendesha programu. Na faili la .env, ambalo kwa usahihi kabisa limezuiwa lisiingie katika hazina ya msimbo, halitafika kwenye seva kwa kuvuta msimbo. Ni lazima mtu alipeleke kwa njia nyingine, na mtu huyo mara nyingi ndiye anayesahauliwa katika utaratibu wa kazi.

Faili likiwa mahali pake na kusomeka, uchunguzi huingia ndani yake, na huku ndiko mambo yanakokuwa mengi. Faili la maandishi lina alama ambazo jicho halizioni. Windows humaliza mstari kwa alama mbili na Linux kwa moja, hivyo faili lililoandikwa kwenye Windows na kupelekwa kwenye Linux linaweza kuacha alama ya ziada mwishoni mwa kila thamani. Athari yake inaonekana vizuri katika malipo ya M-Pesa. Programu inayotumia Daraja, lango ambalo Safaricom imewafungulia wasanidi ili programu zao ziwasiliane na M-Pesa, huanza kwa kuunganisha ufunguo wa mteja na siri yake kwa alama ya nukta mbili, kuugeuza mfuatano huo kwa usimbaji uitwao base64, na kuutuma ili ipewe tokeni, yaani kibali cha muda. Alama isiyoonekana ikijibanza mwishoni mwa siri, matokeo ya usimbaji hubadilika na lango hukataa ombi. Msimamizi hulinganisha siri iliyo kwenye faili na iliyo kwenye tovuti ya Daraja, akaziona zimefanana herufi kwa herufi, na huanza kuilaumu huduma ya upande wa pili. Kuhesabu urefu wa thamani ndani ya programu kungemfunulia kwamba kuna alama moja zaidi.

Alama nyingine ya kificho hukaa mwanzoni mwa faili. Ni baiti tatu ambazo baadhi ya programu za Windows huziweka ili kutambulisha kwamba maandishi yamesimbwa kwa UTF-8. Notepad ilikuwa ikiziweka kwa kila aliyechagua usimbaji huo, hadi toleo la Windows 10 la mwaka 2019 lilipofanya UTF-8 isiyo nazo kuwa chaguo-msingi. Faili la .env lenye baiti hizo huharibika katika mstari wake wa kwanza tu: jina la kigeu cha kwanza hubeba alama zisizoonekana na halifanani tena na jina linaloulizwa na msimbo, huku vigeu vingine vyote vikifanya kazi. Mchunguzi anayeona kwamba kigeu kimoja tu kimekosekana, na kwamba ndicho cha kwanza katika faili, amekwisha kupata nusu ya jibu.

Mitindo ya kuandikia mipangilio nayo ina masharti yake. JSON, ambayo kiwango chake cha sasa kilichapishwa Desemba 2017, hairuhusu maelezo ya pembeni wala mkato baada ya kipengele cha mwisho, na mkato mmoja wa ziada hulifanya faili zima likataliwe. YAML hairuhusu alama ya tabo katika kuingiza mistari ndani, bali nafasi tupu peke yake. Lakini hatari kubwa ya YAML ni ukarimu wake wa kukisia. Katika toleo lake la 1.1, ambalo maktaba ya PyYAML bado inalifuata ingawa toleo la 1.2 lilitoka mwaka 2009, neno NO lisilo na alama za kunukuu husomwa kuwa si kweli, hivyo duka linaloorodhesha nchi linazopelekea bidhaa kwa vifupisho vya KE, TZ, UG na NO litajikuta limeipoteza Norwei na kupata jibu la kukanusha mahali pake. Namba ya mfanyakazi iliyoandikwa 0123 husomwa kwa hesabu ya nane na kuwa 83. Saa ya kufunga duka iliyoandikwa 22:30 hudhaniwa kuwa namba ya hesabu ya sitini na kuwa 1350, ilhali saa ya kufungua iliyoandikwa 08:00, kwa sababu ya kuanza na sifuri, hubaki maandishi kama ilivyo. Mistari miwili inayofuatana na iliyoandikwa kwa mtindo mmoja hutoa vitu viwili vya aina tofauti, na dawa yake ni kuzizungushia thamani hizo alama za kunukuu.

Hata alama za kunukuu zina pahali pa kukosea. Docker, mfumo wa kuifungasha programu pamoja na mahitaji yake ndani ya kontena, una njia mbili zilizozoeleka za kusoma faili la vigeu. Njia ya amri ya kuendesha kontena moja huzichukua alama za kunukuu kuwa sehemu ya thamani, na Docker Compose, inayoendesha makontena kadhaa kwa pamoja, huziondoa. Nywila moja ikisomwa kwa njia hizo mbili huwa nywila mbili. Vilevile alama ya reli ndani ya nywila isiyonukuliwa huchukuliwa na wasomaji wengi wa .env kuwa mwanzo wa maelezo ya pembeni, na kilichobaki baada yake hukatwa.

Kituo kinachofuata ni tabaka. Programu kubwa haisomi mipangilio kutoka mahali pamoja. Huanza na chaguo-msingi, huongeza faili la jumla, huongeza faili la mazingira husika, kisha vigeu vya mazingira, kisha maelekezo yaliyotolewa kwenye amri ya kuianzisha, na kila tabaka linaweza kulifunika lililotangulia. Spring Boot ya lugha ya Java imeandika mpangilio wa tabaka zake waziwazi katika mwongozo wake, na ASP.NET Core ya Microsoft husoma faili la appsettings la jumla kisha lile la mazingira yaliyotajwa. Jina la mazingira likikosewa herufi moja, faili la pili halisomwi na hakuna anayelalamika. Dotenv kwa kawaida hukiacha kigeu kilichokwisha kuwapo kama kilivyo, kwa hiyo thamani ya zamani iliyowekwa kwenye seva na fundi aliyekwisha kuondoka huishinda thamani mpya iliyo kwenye faili. Mtu anayebadilisha faili mara tano bila kuona mabadiliko yoyote anapaswa kushuku kwamba anahariri tabaka lililofunikwa.

Kuna pia suala la wakati. Programu hukabidhiwa vigeu vyake inapoanza, mithili ya msafiri aliyefungasha mzigo wake nyumbani, na kitakachoongezwa chumbani baada ya gari kuondoka hakitamfikia hadi aanze safari upya. Ndiyo maana kubadilisha kigeu bila kuiwasha programu upya hakuleti lolote. Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP alichokitoa Taylor Otwell mwaka 2011, huongeza hatua yake yenyewe: kwa amri maalumu mipangilio yote hukusanywa katika faili moja la akiba ili programu iwe na kasi, na tangu hapo faili la .env halisomwi kabisa. Mabadiliko yatakayofanywa humo hayataonekana mpaka akiba ifutwe au ijengwe upya, na msimbo unaokiulizia kigeu cha .env moja kwa moja, nje ya mafaili ya mipangilio, huambiwa hakipo. Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, una tabia yenye kuchanganya zaidi, kwa kuwa mipangilio iliyopachikwa kama faili husasishwa yenyewe baada ya muda, na ileile iliyopitishwa kama vigeu vya mazingira hubaki ya zamani hadi kontena lianzishwe upya.

Kwa sehemu ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, wakati unaohusika ni ule wa ujenzi. Zana kama Vite huuchukua msimbo, huuunganisha na thamani za mipangilio, na kuzichoma thamani hizo ndani ya mafaili yatakayopelekwa kwa mtumiaji. Zaidi ya hayo, Vite hupitisha vigeu ambavyo majina yake yanaanza na VITE_ pekee, ili siri za seva zisivuje kwa bahati mbaya. Kubadilisha kigeu kwenye seva baada ya ujenzi hakuna athari, na kigeu kisicho na kiambishi hicho hakitafika kamwe. Wapo wanaoepuka hilo kwa kukifanya kivinjari kipakue faili la mipangilio la JSON ukurasa unapofunguka, na hapo huzuka hitilafu ambayo ujumbe wake huwapotosha wengi: programu hulalamika kwamba imekuta alama ya "<" ambayo haikuitarajia. Maana yake, mara nyingi, ni kwamba faili halipo mahali lilipoombwa, na seva, badala ya kusema halipo, imerudisha ukurasa wa mwanzo wa tovuti, ambao kama kurasa zote za wavuti huanza na alama hiyo.

Asidhani mtu kwamba matatizo haya ni ya ofisi ndogo zisizo na wataalamu. Tarehe 23 Septemba 2010 Facebook ilizimika kwa takribani saa mbili na nusu kwa sababu ya thamani moja ya mpangilio iliyohesabiwa kuwa batili. Mashine za kampuni zilikuwa na utaratibu wa kujitengeneza: kila iliyoona thamani batili iliifuta kwenye akiba ya muda na kwenda kuichukua upya katika hifadhidata. Lakini thamani iliyokuwa katika hifadhidata ndiyo hiyohiyo batili, hivyo mashine zote zilirudi kuuliza tena, hifadhidata ikaelemewa na mamia ya maelfu ya maombi kwa sekunde, na kila jibu la kosa likatafsiriwa kuwa uthibitisho mwingine wa ubatili. Wahandisi walilazimika kuzuia watu wasiifikie tovuti ili mzunguko ukatike.

Tukio la Cloudflare la tarehe 18 Novemba 2025 linafundisha zaidi, kwa sababu lilikuwa hasa la faili la mipangilio lililoshindwa kupakiwa. Cloudflare husimama kati ya watumiaji na sehemu kubwa ya tovuti za dunia, na moja ya kazi zake ni kutambua maombi yanayotumwa na roboti. Kazi hiyo hutegemea faili la sifa za utambuzi linaloundwa upya kila baada ya dakika tano na kusambazwa katika mtandao mzima. Siku hiyo mabadiliko ya ruhusa katika hifadhidata yalifanya swali linaloliunda faili hilo lirudishe mistari mingi iliyojirudia. Programu inayolisoma ilikuwa imewekewa ukomo wa sifa 200, ilhali zilizotumika kwa kawaida zilikuwa takribani 60. Faili lililofura likaupita ukomo, na programu, badala ya kulikataa na kubaki na lililotangulia, ikaanguka. Kuanzia saa 8:20 mchana kwa saa za Afrika Mashariki kurasa zilianza kurudisha makosa, huduma kama X na ChatGPT zikaguswa, na usafiri wa data ulirejea kwa sehemu kubwa saa 11:30 jioni, ingawa hali haikutengemaa kabisa hadi saa 2:06 usiku.

Kilichowachelewesha wahandisi wa Cloudflare ni kwamba dalili zilikuwa zikija na kuondoka. Mabadiliko ya ruhusa yalikuwa yameingizwa katika baadhi tu ya mashine za hifadhidata, hivyo kila baada ya dakika tano faili lililoundwa lilikuwa zuri au bovu kutegemea mashine iliyoulizwa, na mtandao uliinuka na kuanguka kwa namna iliyofanana na shambulio kutoka nje. Kwa muda hivyo ndivyo ilivyodhaniwa. Hitilafu inayotokea mara hii na kutoweka mara nyingine mara nyingi huashiria kwamba mashine hazishiki mipangilio ileile, na kuilinganisha mashine moja na nyingine kunafaa kutangulia dhana ya adui.

Matukio hayo mawili yanaonyesha pia jinsi programu inavyopaswa kuundwa. Inapoanza, na iangalie mipangilio yote inayoihitaji kwa mkupuo mmoja, ihakiki kwamba namba ni namba na anwani ni anwani, na ikikosa kimojawapo cha lazima ikatae kuanza na kukitaja kwa jina. Chaguo-msingi liachiwe mambo yasiyo na madhara, kama idadi ya bidhaa katika ukurasa, wala lisiwekwe kwa anwani ya hifadhidata au kwa funguo za malipo. Programu inayokosa ufunguo wa Daraja na kuangukia kwenye mazingira ya majaribio ina hatari zaidi kuliko ile isiyowaka. Kwa programu ambayo tayari inaendeshwa na inaletewa mipangilio mipya, kanuni ni kinyume: isianguke, bali ikatae mipangilio mibovu na kuendelea na ya mwisho iliyokuwa salama. Nginx, seva ya wavuti ambayo Igor Sysoev wa Urusi aliitoa kwa umma mwaka 2004, imefanya hivyo kwa muda mrefu: ikiamriwa kupakia upya, hukagua faili kwanza, na ikikuta kosa hubaki na mipangilio ya zamani huku ikiandika kosa hilo kwenye logi. Ina pia amri ya kukagua faili bila kugusa huduma, na hakuna sababu ya msimamizi kuiruka.

Uchunguzi wenyewe una hatari ambayo haipaswi kusahauliwa katikati ya haraka. Anayetafuta kigeu kilichopotea hushawishika kuichapisha mipangilio yote kwenye logi, na logi husomwa na watu wengi kuliko seva, hunakiliwa kwingine na hutunzwa kwa miezi. Kinachotosha ni kuandika kwamba thamani ipo, urefu wake, na pengine herufi zake mbili za mwanzo. Ufunguo ukishaonekana mahali pasipostahili, au faili la .env likiingia kwa bahati mbaya katika hazina ya msimbo, kulifuta hakutoshi, kwa kuwa hazina hutunza historia ya kila badiliko na yeyote mwenye nakala anaweza kurudi nyuma na kulisoma. Ufunguo huo huhesabiwa kuwa umeibwa: mpya huombwa kwa mtoa huduma, huwekwa katika kila mahali ambapo programu inausoma, programu huwashwa upya, akiba ya mipangilio hujengwa upya pale inapotumika, na ule wa zamani hufungwa mara tu logi za seva zote zinapothibitisha kwamba mpya umepakiwa.